Kutengeneza Bustani ya Mboga Maji Yanapopungua

Katika mazungumzo haya twapenda kusema nanyi habari za bustani ya mboga ya nyumbani: jinsi ya kuikusudia, kuipima na kuitayarisha kabla hata mbegu moja haijatiwa ardhini. Maneno yetu twayaelekeza kwanza kwa watu wa Bujonde na majirani zao wa tambarare ya Kyela, katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Lakini mtu wa mahali pengine po pote, penye mvua nyingi na joto, aweza kuyasikiliza akachukua yanayomfaa.

Katika nchi za baridi kama Uingereza, mwenye bustani hungoja theluji na baridi kali ziishe, na mwezi wa Machi na Aprili hushika jembe. Kwetu Kyela miezi hiyo ndiyo miezi ya maji. Mvua hushuka kwa wingi, na mito inayotoka milimani, yaani Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, hujaa na mara nyingine humwagika mashambani. Mwenye kupanda nyanya wakati huo huona mizizi ikioza na majani yakiingia bakajani. Basi mwanzo wa bustani yetu ni pale maji yanapopungua, mpunga unapovunwa, na upepo wa baridi unapoanza kuvuma, yaani Juni na Julai. Wakati huo udongo bado una unyevu wa kutosha, wala jua si kali. Anayeuacha wakati huo upite hadi Septemba atakuwa amejiongezea kazi ya kuchota maji maradufu.

Kwa nini tulime mboga

Huenda mtu akauliza, "Sisi tuna mchele unaosifiwa nchi nzima, tuna ndizi, tuna samaki wa ziwani, mboga za kulima kwa taabu ni za nini?" Swali hilo lina jibu zito. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2022 ilionekana kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya umri wa miaka mitano, 30 wamedumaa, yaani kimo chao hakilingani na umri wao. Na mikoa iliyozidi mingine kwa jambo hilo ni Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa ya nyanda za juu za kusini ambayo ghala zake hujaa mahindi kila mwaka. Kudumaa kuna sababu nyingi, kama vile maradhi ya kuhara, na kunyonyeshwa kusikotosha. Lakini mojawapo ni hii, kwamba mtoto hupewa chakula cha namna moja tu mwaka mzima. Tumbo hujaa, mwili ukabaki na njaa.

Mboga za majani zilizo kijani sana, kama mchicha, kisamvu, matembele, majani ya kunde na majani ya maboga, huupa mwili vitu vinavyolinda macho, vinavyosaidia kutengeneza damu, na vinavyouwezesha kupigana na maradhi. Shirika la Afya Ulimwenguni lashauri kwamba mtu mzima ale matunda na mboga visivyopungua gramu 400 kila siku. Kiasi hicho hakiwezi kupatikana kwa kununua fungu dogo sokoni mara moja kwa juma. Hupatikana kwa kuwa na bustani karibu na jiko, ambapo mama aweza kuchuma wakati chungu kiko motoni.

Katika Vita Kuu ya Pili, chakula kilipokuwa haba, watu wa Uingereza walihimizwa na serikali yao kulima mboga hata mahali palipokuwa na maua na majani ya kupendeza. Walifanya hivyo kwa shida. Sisi hatuna shida ya namna hiyo; twayo ardhi iliyoletwa na mito, na samadi, na jua. Joseph Thomson, msafiri kutoka Scotland, alipofika kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1879, aliisifu sana migomba ya nchi hii na usafi wa vijiji vyake. Basi ustadi wa kulima si jambo geni la kuletwa na wageni. Twataka tu uelekezwe katika kipande kidogo kilicho karibu na nyumba.

Kuchagua mahali

Tafuteni mahali penye jua tangu asubuhi hata alasiri. Chini ya mkakao au mwembe mboga hurefuka, zikawa nyembamba na dhaifu. Tena pawe mahali palipoinuka kidogo. Ili kujua, angalieni wakati wa mvua ya mwisho ya Mei maji yanasimama wapi. Hapo yanaposimama zaidi ya siku moja pasiwe bustani.

Wako watu wanaopenda kulima kwenye ukingo wa mto, kwa sababu maji yako karibu. Twawaomba waliache jambo hilo, kwa sababu tatu. Kwanza, ukingo uliolimwa humomonyoka mvua ijayo, na mto hupanuka ukala mashamba ya watu. Pili, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza, katika mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa, shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru hifadhi ya kingo hizo. Tatu, mito yetu ina mamba. Mtoto anayetumwa kuchota maji ya kumwagilia asubuhi na jioni hurudi mahali pale pale, saa zile zile. Naye mamba ni mnyama wa kuvizia. Hakuna kabichi linalostahili hatari hiyo.

Katika tambarare yetu maji hayako mbali chini ya ardhi. Ni afadhali kuchimba kisima kifupi karibu na bustani, mbali na choo kwa mita zisizopungua 30, mkakijengea ukingo na kukifunika kwa mfuniko imara ili mtoto asitumbukie. Maji hayo ni ya bustani. Ya kunywa lazima yachemshwe au yatiwe dawa.

Kupima bustani kwa maji

Watu wengi hupima bustani kwa ukubwa wa tamaa yao. Hulima kipande kikubwa mwezi wa Juni, udongo ukiwa laini, na mwezi wa Agosti nusu yake imekauka. Njia iliyo bora ni kupima bustani kwa maji mnayoweza kuchota kila siku wakati wa jua kali.

Hebu tufanye hesabu, na wanafunzi waifuate kwa kalamu. Tuchukue kwamba mita moja ya mraba yahitaji lita 5 kwa siku ya kiangazi. Matuta sita, kila moja lenye urefu wa mita 5 na upana wa mita 1, ni mita 30 za mraba. Mara tano ni lita 150, yaani ndoo za lita 20 saba na nusu. Jamaa ya watu wanne au watano wenye kisima karibu waweza kuchota ndoo hizo bila kuchoka. Lakini mwenye kulima matuta ishirini atahitaji ndoo ishirini na tano kila siku. Je, nani atazichota? Afadhali matuta sita yaliyotunzwa kuliko ishirini yaliyoachwa.

Upana wa tuta usizidi mita 1, ili mtu afikie katikati kwa mkono bila kulikanyaga. Kati ya tuta na tuta pawe na njia ya nusu mita. Basi kipande chenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6 chatosha matuta yote sita pamoja na njia zake. Hatua ndefu ya mtu mzima ni karibu na mita moja. Hatua kumi kwa hatua sita.

Ua

Kabla ya kulima, jengeni ua. Katika nchi yetu ng'ombe, mbuzi na kuku wanapendwa, nao wenyewe wanapenda mboga. Bustani isiyo na ua yaweza kuliwa yote kwa asubuhi moja, na ugomvi wa majirani ukafuata. Mianzi iliyopasuliwa, au matete, yafaa sana. Sehemu ya chini ifungwe karibu karibu, kifaranga asipenye. Kando ya ua pandeni maboga, ili yatambae juu yake.

Zamani, kwa desturi ya Wanyakyusa, kulima kwa jembe kulikuwa kazi ya wanaume na wavulana, nao wanawake wakipanda na kupalilia. Twawakumbusha akina baba desturi hiyo njema. Siku hizi husemwa kwamba bustani ya mboga ni ya mama peke yake. Lakini mama huyo ndiye aliyevuna mpunga, ndiye mwenye kuni na maji na mtoto mgongoni. Ua, kisima na kulima kwa kwanza, kazi hizo tatu zifanywe na wanaume wa nyumba.

Mbolea

Nyumbani kwetu mna mali nyingi inayotupwa. Majani makavu ya mpunga huchomwa moto, makapi hurundikwa karibu na mashine, maganda ya kakao huachwa yaoze chini ya mikakao, ambapo huleta ugonjwa katika matunda mapya. Vyote hivyo ni mbolea.

Vitabu vingi husema chimbeni shimo la mboji. Katika tambarare ya Kyela shimo hilo hujaa maji, na takataka huoza vibaya kwa harufu mbaya. Basi tengenezeni mboji juu ya ardhi. Fanyeni chungu chenye upana wa mita moja na nusu. Tandikeni kwanza vijiti na mabua ili hewa ipite, kisha majani makavu ya mpunga, kisha majani mabichi na maganda ya kakao yaliyokatwakatwa, kisha samadi, kisha majivu kidogo na udongo. Rudieni hivyo mpaka chungu kifike kimo cha kifua. Kifunikeni kwa majani ya migomba, mvua isisombe nguvu yake. Chomekeni fimbo ndefu katikati. Baada ya siku chache ichomoeni: ikiwa ya moto na yenye unyevu, kazi inaendelea, ikiwa kavu, tieni maji, ikiwa baridi na imelowa sana, kigeuzeni chungu. Kigeuzeni kila baada ya majuma matatu. Katika miezi miwili au mitatu mtakuwa na mboji nyeusi isiyo na harufu mbaya. Kwa hiyo anayetaka mboji mwezi wa Juni aanze mwezi wa Machi.

Mimea yenye ugonjwa msiitie katika chungu hicho. Ichomeni.

Tuta moja kwa moja, limeni kwa kina cha jembe, ng'oeni mizizi ya magugu, na changanyeni debe moja la mboji au samadi iliyooza kwa kila mita mbili za mraba. Samadi mbichi huunguza mizizi. Mwezi wa Juni tuta liinuliwe kiasi cha shibiri moja, maana ardhi bado imelowa. Ifikapo Septemba, tuta jipya litengenezwe kwa namna nyingine: liwe chini kidogo kuliko njia, ili maji machache mnayomwaga yasikimbie.

Mbegu na mpango wa matuta

Nunueni mbegu katika duka linaloaminika, na tazameni alama ya Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu Tanzania pamoja na tarehe ya mwisho wa matumizi. Nyanya za Tanya na Tengeru 97, zilizotokana na kituo cha utafiti cha Tengeru, Arusha, zajulikana na wakulima wengi. Mbegu za mchicha, kunde, bamia na maboga mwaweza kuziweka wenyewe kutoka mimea iliyo bora.

Wanafunzi wazijaribu mbegu hizo hivi. Hesabuni mbegu 20, zifungeni katika kitambaa chenye unyevu, na kitieni maji kidogo kila siku. Baada ya juma moja hesabuni zilizoota. Zikiwa 15 au zaidi, ni njema. Zikiwa chini ya 10, tafuteni nyingine. Jaribio hili halina gharama, nalo laokoa mwezi mzima wa kungoja.

Matuta yetu sita yagawanywe hivi. La kwanza ni la mchicha: nusu ipandwe leo na nusu baada ya majuma mawili, ili mboga isije yote pamoja na kuisha yote pamoja. Mchicha huwa tayari kwa majuma matatu hadi manne. La pili ni la nyanya, pamoja na bilinganya au nyanya chungu. Mistari miwili, nusu mita kati ya mche na mche, jumla yake miche 20. La tatu ni la figiri, chainizi na sukuma wiki. Atakaye kabichi alipande hapo mapema, kwa kuwa hupenda baridi, na lifunge kabla ya joto la Oktoba. La nne ni la vitunguu. La tano ni la kunde, ambazo majani yake ni mboga na mizizi yake huongeza nguvu ya udongo. La sita ni la bamia.

Andikeni mpango huo katika daftari, maana mwaka ujao hapana budi kubadilishana. Nyanya, bilinganya, pilipili, mnavu na viazi mviringo ni ndugu wa ukoo mmoja, na ugonjwa wa mmoja humpata mwenziwe. Pale zilipokuwa nyanya pandeni kunde, na zilipokuwa kunde pandeni nyanya.

Kitalu

Miche ya nyanya, bilinganya, kabichi na vitunguu hulelewa kwanza kitaluni. Kwa bustani yetu kitalu cha mita moja kwa mita moja chatosha. Kwa kuwa mvua ya ghafula yaweza kuja hata mwezi wa Juni, kiinueni juu sana, au kijengeni katika kichanja cha mianzi kilichotiwa udongo. Pigeni mistari, mwageni mbegu chache chache kwa kina cha sentimeta moja, funikeni kwa majani makavu, na tieni maji polepole. Mara tu miche inapochungulia, yaondoeni majani yale na kujenga kivuli juu yake. Wengi hukawia hapo, na miche ikawa myeupe na mirefu. Juma moja kabla ya kuhamisha, punguzeni kivuli na maji kidogo kidogo ili miche izoee shida. Nyanya huhamishwa baada ya majuma matatu hadi manne, vitunguu baada ya sita. Hamisheni jioni, wala si mchana.

Miche ikisha kushika, funikeni ardhi kati yake kwa majani makavu ya mpunga. Kazi hii ndogo huzuia magugu na kuyaweka maji ardhini. Siku nyingine mtaona hakuna haja ya kumwagilia.

Adui wa bustani

Kila asubuhi mtu mmoja wa nyumba, hata mtoto, apite akitazama chini ya majani. Sota akatao miche usiku huonekana kwa kufukua udongo kando ya mche ulioanguka. Vidukari huondolewa kwa maji ya sabuni. Nyanya ikinyauka ghafula huku majani yake bado ni ya kijani, ng'oeni na kuichoma. Yuko na kantangaze, mdudu aliyeingia Tanzania mwaka 2014, ambaye funza wake huchimba ndani ya majani na matunda ya nyanya. Majani yenye michirizi yake yachumwe na kuchomwa mapema, kabla hajaenea. Ikibidi kutumia dawa ya dukani, mwulizeni bwana shamba au bibi shamba wa kata, fuateni kipimo, na hesabuni siku zilizoandikwa kabla ya kuchuma. Mboga yenye dawa mpya si chakula.

Kula tulicholima

Osheni mboga kabla ya kuzikata, si baada ya kuzikata. Zipikeni kwa maji machache na kwa muda mfupi. Zitieni mafuta kidogo, kwa kuwa bila mafuta mwili haupati faida yote iliyomo ndani ya majani. Katika hili watu wa Kyela wana bahati: mawese yetu mekundu yenyewe yana kitu hicho kinacholinda macho. Mtoto aliyetimiza miezi sita, anayeanza kula, apewe mboga iliyopondwa vizuri pamoja na wali wake na samaki. Asingoje mpaka wakubwa washibe.

Mboga zikizidi, ndipo ziende sokoni Kyela au Ipinda. Fedha hiyo yaweza kununua daftari na chumvi. Lakini twasisitiza, zinazozidi ndizo ziuzwe. Isiwe mchicha wote umeuzwa na mtoto anakula wali mkavu.

Mpango wa miezi

Kwa kifupi, shikeni haya. Machi na Aprili: kusanyeni mboji, na angalieni maji yanasimama wapi. Mei: kateni mianzi, nunueni na jaribuni mbegu. Juni: jengeni ua, chimbeni kisima, inueni kitalu na matuta, pandeni mchicha wa kwanza. Julai: hamisheni miche, funikeni udongo, chumeni mchicha. Agosti na Septemba: mwagilieni, tazameni wadudu, chumeni kila siku. Oktoba na Novemba: vuneni vitunguu na bamia za mwisho, wekeni mbegu za mwaka ujao, kisha pumzisheni ardhi chini ya majani makavu mpaka mvua irudi.

Wasikilizaji wetu, asiye na nafasi ya matuta sita aanze na mawili, moja la mchicha na moja la kunde. Wanafunzi mnaosoma maneno haya, wasomeeni wazee wenu nyumbani jioni ya leo, kisha wote pamoja mtoke nje, mpime hatua kumi kwa sita.